Midomo ya Watu wa Nyuma ya Mukeka

Wewe unasoma hii, mi nimechoka na wewe. Mutu akianza tu kuongea juu ya wazee wa zamani, unaingia mbio na ile kicheko yako: “Ah, wazee wa kwetu walikuwa wachoyo, walikula wakijificha!” Umesikia wapi hiyo? Nyanya yako alikuambia? Hapana. Nyanya yako angekupiga kofi. Uliiona kwa televizioni, kwa ile programu ya mupishi anatembea dunia yote na kofia nyeupe, anaingiza kidole kwa chungu ya watu, anafunga macho, anasema “Mmm”, halafu anakuelezea wewe, mutu wa Gisenyi, desturi ya Gisenyi. Na we unapiga makofi.

Bon. Kaa chini. Hiyo kofia nyeupe haikufika hapa jana. Ilifika mwaka wa hamsini na nane, na kuko mwanamuke moja wa Rubona, hapa kando ya ziwa Kivu, aliyeikuta.

Jina yake Nyiransabimana. Alizaliwa Rugerero kwa watu wa jembe, akaolewa Rubona na Hitimana, mupiga kasia. Hitimana akavuka ziwa kutafuta kazi kwa mashamba ya kahawa upande wa Congo, akapata kazi, akapata na bibi. Ile habari ilifika kwa mudomo ya Nyirasafari, muuza samaki, rafiki yake wa tangu zamani. Nyiransabimana alikuwa amekaa kwa jiwe anatoa samaki matumbo.

“Dada,” Nyirasafari akasema, “bwana yako ameoa kule.”

“Bibi ni muzuri?”

“Wanasema ni mufupi.”

“Basi atafika kwa chungu bila kuinama. Nipe ile kisu ingine, hii haikati.”

Ndio hivyo alimulilia bwana yake. Kesho yake akaanza kufikiria atakula nini.

Sasa sikiliza vizuri, sababu hapa ndipo wewe na televizioni yako munapotea. Zamani kwetu mutu muzima hakuonekana anakula. Si uchoyo. Kula ni kufungua mudomo, ni kutafuna, ni jasho kwa pua na mafuta kwa kidevu. Ni kitu ya ndani ya nyumba, kama kuoga. We unaoga kwa barabara? Ukijifungia kuoga, wewe ni muchoyo wa maji? Basi. Mutu wa heshima alikula nyuma ya ukuta, na hata mukwe yake hakujua meno yake ya nyuma iko namna gani.

Lakini Rubona ilikuwa bandari. Kuko watu wa mashua waliotoka Bukavu. Kuko mafundi wa kujenga ile kiwanda kubwa ya bia, na wabeba mizigo, na watu wa mulima ya Kanama wanashusha maharagi na viazi tangu asubuhi. Hao wote njaa inawakuta mbali na nyumba. Wanafanya nini? Kila mutu ananunua ndizi yake ya kuchoma, anaingia nayo kwa migomba peke yake, anachuchumaa kama mwizi, anameza bila kutafuna sababu akisikia tu majani inalia anafikiri ni shemeji yake.

Nyiransabimana aliona hiyo kila siku. Akasuka mikeka. Akajenga kibanda ya nyasi na kuining’iniza hiyo mikeka ndani, kutoka juu mpaka kwa magoti, ikawa kama vyumba vidogo, na kila chumba na mulango yake ya nyuma, na kila mulango na njia yake ndani ya migomba. Mutu anaingia bila kukutana na mutu. Anakaa, anakohoa. Upande ule wa mukeka, Nyiransabimana iko kwa moto. Anasukuma sahani chini ya mukeka na mukono moja. Samaki ya Kivu na kichwa yake, mafuta ya mawese kutoka ng’ambo, nyanya, kitunguu, ndizi zimelainika mpaka zinalia zenyewe. Haulizi jina. Hasalimii. Anachoona ni miguu tu.

Na miguu alikuwa anaijua! Ile yenye kidole bila kucha, huyo anataka muchuzi mingi. Ile ya kiatu ya misioni, huyo anaogopa mifupa, umuchagulie mukia. Ukikutana naye kesho kwa njia, anakusalimia kama mutu hamujaonana tangu Pasika.

“Nani alikula kwako leo?” Nyirasafari alikuwa anapenda kumuchokoza.

“Miguu.”

“Miguu ya nani?”

“Ya mutu mwenye njaa. We uza samaki yako.”

Kati ya hiyo miguu, kuko moja ilikuwa siri kuliko zingine zote. Muguu ya kushoto, kidole kikubwa kimegeuka kinaangalia nje kama kinataka kuhama. Ilikuwa muguu ya Bizimana wa Kanama. Bizimana ni mutu wa ng’ombe, mutu wa kuitwa watu wakigombana juu ya mupaka ya shamba. Na kwa watu wa ng’ombe wa mulima, samaki ilikuwa ndugu ya nyoka. Tena walisema samaki na maziwa havikai kwa tumbo moja, ukivichanganya ng’ombe inakauka. Bizimana alionja siku moja sababu ya njaa kali. Akarudi siku ingine bila njaa. Halafu kila siku ya soko ile kidole iko chini ya mukeka, na sauti moja tu inatoka, “Ongeza.” Nyiransabimana hakumuambia mutu. Hata Nyirasafari. Hata kwa Padri kwa kuungama hakuitaja, alisema zambi haikuwa yake.

Unaelewa? Samaki kila mutu wa Rubona alikuwa nayo. Chungu kila mwanamuke alikuwa nayo. Yeye alikuwa anauza mukeka. Mukeka ikifa, yeye amekufa.

Sasa mulete yule mupishi.

Alikuja kiangazi na gari mbili, jina yake Delvigne, mutu mukubwa wa mashavu mekundu, amevaa kofia na tabulie nyeupe ya jikoni kwa vumbi ya Rubona kama padri amepotea misa. Huko Ulaya alikuwa na programu kwa televizioni: anatembea nchi za watu, anakula, anapika, anaongea. Alikuwa na mutu wa kamera na mutu wa sauti, na mukalimani wa hapa hapa Gisenyi, Wellars, mutu mwenye kalamu kwa mufuko na Kifaransa ya seminari. Wellars hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga anaweza kukuharibia maisha vizuri kuliko adui.

Delvigne alifuata harufu mpaka kwa kibanda. Akala amesimama, na vidole, samaki yote, akalamba mpaka jicho. Nyiransabimana akageuza uso sababu ya haya, yule hakuelewa.

“Mupishi muzuri sana!” akasema kwa Kiswahili yake ya hoteli. “Muzuri, muzuri!”

Wakapiga picha mikono yake inakatakata nyanya. Hiyo hakukataa. Wakapiga picha chungu. Hakukataa. Halafu Delvigne akaonyesha mikeka na kidole na kuongea Kifaransa mingi.

“Anasema nini?” Nyiransabimana akauliza.

“Anasema uinue mikeka,” Wellars akajibu. “Anataka watu waonekane wanakula. Anasema chakula bila midomo ni chakula ya wafu.”

“Mwambie wafu wake na wangu si wamoja. Hapana.”

“Mama, ni picha tu.”

“Picha ya watu wanatafuna? We Wellars, mama yako amekuona ukitafuna tangu ulipoota meno?”

Nyuma ya mukeka kulikuwa watu wanasikiliza yote, chakula mukononi. Ikatoka sauti moja, ya fundi wa kiwanda: “Hiyo picha inaenda wapi?”

“Ulaya,” Wellars akasema. “Kuko sanduku kwa nyumba zao, inaitwa televizioni. Picha inatembea ndani.”

“Ulaya nani ananijua?” fundi akacheka. “Hata muke yangu karibu anisahau.”

“Hao wenyewe wanakula kwa baraza ya hoteli na meno nje,” sauti ingine ikasema. “Mi nimewaona. Bibi moja alinicheka na jani kwa jino.”

“Kula mbele ya mutu hakujui ni kama kula mbele ya mbuzi.”

“Mbuzi ni wewe.”

“Ongeza muchuzi kwanza, halafu tuonane na Ulaya!”

Wakacheka kila mutu kwa chumba yake. Usiwaone wajinga. Haya ni kitu ya watu wanaojuana. Mutu ambaye hatakuja kwa harusi yako, hatakaa na wewe kwa kilio, hataomba musichana yako, macho yake inakufanya nini? Ndio namna walifikiri, na ilikuwa mawazo ya watu wazima. Kosa ilikuwa moja tu, na Nyiransabimana peke yake aliinusa.

Akamuangalia Wellars. “Muulize kitu moja. Hii picha ikienda Ulaya, itarudi hapa?”

Delvigne alikuwa anapiga saa yake na kidole, anaonyesha jua, anapaza sauti. Wellars akamuangalia yeye, akamuangalia mama. Hakuuliza. Akasema mwenyewe: “Haitarudi.”

“Umemuuliza?”

“Mi najua hiyo mambo, mama. Haitarudi.”

Chini ya mukeka ya mwisho ile kidole ya kushoto ilikuwa imetulia. Nyiransabimana akangoja. Akakohoa, kumuonyesha Bizimana kama mulango ya nyuma iko wazi. Kidole haikusonga. Mutu wa Kanama alikuwa na samaki nusu kwa sahani, na Ulaya ni mbali.

Basi akainua mikeka na mukono yake mwenyewe, moja moja, huku amegeuza uso kwa moto asione. Kamera ikalia kama nyuki. Walipomaliza, Delvigne alimupa zawadi. Unajua zawadi gani? Kopo ya sardini. Mwanamuke anaishi kwa maji, anauza samaki, muzungu anamupa samaki kwa kopo. Nyirasafari alicheka mpaka akaanguka kwa kikapu. Nyiransabimana hakucheka. Kopo akaipa paka, paka ikainusa, ikaenda.

Mikeka ikarudi chini. Watu wakarudi. Mambo ikasahaulika, mahindi ikavunwa.

Halafu Delvigne akarudi.

Alikuwa anapita tena kwenda kupiga picha ingine Uganda, na alibeba filimu, na alijiona mutu mwenye roho safi sana: anawaletea watu sura zao. Mukubwa wa teritwari, muzungu wa serikali, akafurahi. Wakatundika kitambaa nyeupe kwa ukuta ya stoo moja ya muji, kwa uwanja. Wakatangaza kila mulima: muje, ni bure. Masushefu, wakubwa wa milima, wakapewa viti. Watu wakashuka kutoka Kanama na Rugerero na blanketi zao, jua ilipozama uwanja ilikuwa imejaa kama misa ya Noeli. Bizimana pia alikuja. Pembeni yake walikaa watu wa Rugerero waliokuwa wanataka kumupa musichana kwa kijana yake, pombe ya kwanza ya uchumba ilikuwa imeshanywewa.

Mashini ya filimu ikawaka. Kwanza mitambo ya Ulaya, treni, watu wakapiga kelele. Halafu ziwa. “Ni yetu! Ni Rubona!” Halafu mikono ya Nyiransabimana inakata nyanya, mikubwa kama milango. Nyirasafari akamugonga mbavu: “Dada, ona kucha yako! Ungenawa!” Watu wakapiga makofi. Na Nyiransabimana, nisikudanganye, alifurahi. Kidogo tu, wakati wa nyanya.

Halafu mikeka ikapanda.

Yeye alikuwa hajawahi kuona. Miaka yote alijua miguu. Sasa kwa ukuta midomo ikatokea, moja moja, mikubwa kama pango. Yule fundi anavuta mufupa kati ya meno. Yule wa kiatu ya misioni, ulimi nje, anafuata muchuzi kwa kidevu. Na wa mwisho, Bizimana wa Kanama, macho nusu yamefungwa kwa utamu, ananyonya kichwa ya samaki.

Watu elfu wakanyoosha shingo. Kisha sauti ya mwanamuke ikatoka huko nyuma, taratibu: “Si ni Bizimana yule? Anakula nini?”

“Nyoka ya maji!” mwingine akajibu, na kicheko ikaanguka kama mawe ya kilima.

Ndani ya filimu Delvigne alikuwa anaongea Kifaransa, na Wellars alikuwa amesimama na ile chombo ya kupaza sauti, anatafsiri. Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kukohoa, angeweza kusema imeharibika. Hapana. Akatafsiri muzuri kabisa, kama kwa mutihani: “Mupishi anasema, watu wa nchi hii wanakula wakijificha, sababu ni wachoyo, wanaogopa jirani ataomba.”

Ndio pale. Ndio hapo ilitoka ile kitu unayorudia na kicheko yako. Mutu alikula samaki ya mwanamuke kwa vidole, bure, amesimama, halafu akawaita wachoyo.

Nyiransabimana akasimama. Akapita kati ya watu, akakanyaga blanketi, akakanyaga mikono, mpaka kwa mashini. Delvigne akamuona, akafungua mikono: “Ah! Mama ya samaki!”

“Zima.”

Delvigne akacheka, akafikiri ni furaha.

“Wellars,” akasema, “kuja hapa.”

“Mama, si wakati yake, shefu wanaangalia...”

“Kuja. Ile siku nilikupa swali ya kumuuliza. Muulize sasa.”

“Swali gani?”

“Usinifanye mutoto. Muulize kama picha ilikuwa ya kurudi.”

Wellars akauliza, sauti ndogo. Delvigne akashangaa, akajibu mbio mbio, akamushika Wellars bega kama anamukumbusha kitu.

“Amesema nini?”

Wellars akaangalia viatu yake. “Amesema ndiyo. Alisema tangu siku ya kwanza. Alisema niwaambie itarudi, kama zawadi.”

“Ulijua.”

“Jua ilikuwa inaanguka, mama. Alikuwa ananipigia kelele. Nilifikiri hatarudi, wazungu wanasema tu...”

Hakumutukana. Alimuangalia tu, na watu waliokuwa karibu wanasema heri angemutukana. Halafu akageukia Delvigne: “Mwambie akate. Atoe ile midomo, anipe. Nyanya abaki nayo.”

Wellars akatafsiri. Delvigne akaweka mukono kwa bega ya Nyiransabimana, polepole, kama mutu anatuliza ng’ombe. Alisema haiwezekani. Alisema watu wale walikuwa wazuri sana wakila, kwamba Ulaya waliwapenda, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko yote.

“Wazuri kwa nani?” Nyiransabimana akauliza. Hakungoja tafsiri. Akashika ile utepe ya filimu inayopita kwa mashini, akaizungusha kwa mukono, akavuta.

Mashini ikakaba. Kwa ukuta Bizimana akasimama, mudomo wazi, samaki katikati. Halafu moto ya taa ikaanza kula filimu. Ikatokea doa nyeusi kwa meno yake, ikapanuka, ikameza mashavu, macho, kipaji, mpaka kukabaki mwanga nyeupe peke yake. Watu wakalia wakafikiri mutu anachomwa. Nyiransabimana aliendelea kuvuta, utepe imejaa kwa miguu yake kama matumbo ya samaki, mukono yake imeungua, mpaka polisi akamupiga na kitako ya bunduki akaanguka juu ya ile utepe.

Walimutia kasho, gereza ya serikali, sababu ya kuharibu kitu ya watu wakubwa. Alifagia ofisi za watu wakubwa, alibeba maji ya watu wakubwa. Delvigne alienda Uganda. Wellars alipanda cheo. Nani alikuja kumuona? Nyirasafari tu, na maharagi kwa jani, anageuza uso kwa ukuta ili rafiki yake ale bila kuangaliwa.

Alitoka mvua ikiwa imeanza. Kibanda ilikuwa bado imesimama. Akafua mikeka kwa ziwa, akaikausha, akaitundika mahali pake, akapika. Harufu ikaenda mpaka kwa mashua kama zamani. Akangoja chini ya mukeka ajue nani wa kwanza. Hakuna muguu. Siku ingine akapika, hakuna muguu. Watu wa mashua walipita wakaangalia maji. Wale mafundi walirudi kwa migomba, kila mutu na ndizi yake, kumeza bila kutafuna.

“Wanasema mikeka yako iko na macho,” Nyirasafari akamuambia.

“Na wewe unasema nini?”

“Mi nasema wanaume ni mavi. Lakini siwezi kula badala yao, dada.”

Halafu, siku ya soko, ile kidole ya kushoto ikatokea. Lakini haikutokea nyuma. Ilitokea mbele, kwa barabara, watu wote wanaona. Bizimana alisimama na fimbo yake, hakukaa.

“We mwanamuke, uliniuza kwa sahani ngapi?”

“Mi sikukuuza, muzee.”

“Watu wa Rugerero wamechukua musichana yao. Wamesema hawawezi kunywa maziwa kwa nyumba ya samaki. Watoto wa Kanama wananitupia mifupa. Mi! Watu wakigombana sasa wanamuita Twagirimana, na yule hajui hata mupaka ya choo yake!”

“Nilikohoa,” Nyiransabimana akasema. “Nilikuonyesha mulango. We ulibaki na kichwa ya samaki.”

“Ulisema haitarudi!”

“Wellars alisema! Mi niliuliza! Nani mwingine aliuliza kati yenu wote, wanaume wazima? Mulikuwa munacheka muchuzi. Na mi ndiye nimelala kwa kasho, mi ndiye mukono imeungua, ona! Nenda umupigie kelele yule wa kofia nyeupe.”

“Nitamupata wapi?”

“Basi na mi usinipate!”

Wakapigiana kelele mpaka koo zikakauka, mikeka inatikisika, watu wamejaa barabara. Na hapa, mi nikifikiria, damu inanipanda: wawili waliotapeliwa wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na aliyewatapeli yuko kwa baraza ya hoteli fulani anaagiza kahawa.

Mwisho Bizimana akashusha sauti. Akauliza kitu moja, karibu kama mutu anaomba. “Ile jioni. Ulipokuwa pale. We pia uliangalia?”

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya mulima yote miaka yote juu ya ile kidole. Lakini alikuwa amechoka na watu wanaojibu badala ya wengine.

“Niliangalia,” akasema.

Bizimana akatikisa kichwa. Akaenda.

Nyiransabimana akabaki amesimama mbele ya moto, na akajua yule muzee alikuwa na haki, na hiyo ndiyo ilimuumiza kuliko kitako ya bunduki. Hakuwa tena mutu wa miguu. Hata wote wangerudi, kila akisukuma sahani angeona mudomo. Kwa muchuzi angeona ulimi. Alimwaga maji kwa moto kabla samaki haijaiva. Alishusha mikeka, akaigawia wanawake wa mashua walalie watoto wao. Akauza samaki mbichi pembeni ya Nyirasafari kwa muda, halafu ziwa ikamushinda kuangalia, akarudi Rugerero kwa jembe ya wazazi wake. Alilima maharagi mpaka uzee. Alikuwa anapika kwa ndugu zake tu, na hakumupikia mutu mwingine tena mpaka alipokufa.

Ile utepe aliyoipasua ilikuwa moja. Kopi zingine za filimu hiyo zilibaki Ulaya, na hakuna aliyemuambia hiyo. Kama hazijaoza, Bizimana iko huko mpaka leo anatafuna, na sauti inasema ni muchoyo.

Basi wewe na telefoni yako. Mutu akiwa anakula Rubona, kwa kando ya maji, kwa musiba, popote, kabla ya kuinua hiyo telefoni umupige picha, mukaribie, umuulize mwenyewe kwa luga yake kama anakubali, na picha inaenda wapi, na nani ataiona. Umungoje ajibu mwenyewe. Akisema hapana, geuza mugongo, umuache amalize chakula yake.